Nyota Inayofifia Haijazimika



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali,

Juma hili tumependa tuinue macho juu kidogo. Katika nyanda zetu za Mbulu miezi ya kiangazi huja na baridi inayouma, lakini huja pia na anga jeusi lililotakata, ambalo ndugu zetu wa mijini wamelisahau kwa sababu ya wingi wa taa. Huku kwetu, kuanzia Daudi hadi Dongobesh, na kushuka hadi tambarare za Hanang, mtu atokaye usiku kwenye sala ya jumuiya ndogo ndogo hana haja ya kuzitafuta nyota, kwa maana zimemjaa kichwani pote. Wengi wetu huzitazama mara moja, hustaajabu, kisha huingia ndani kuota moto. Leo tunawaomba mbaki nje pamoja nasi kwa muda.

Kwa Kiswahili, mtu asiye na msimamo huitwa kigeugeu, na hakuna anayefurahi kuitwa hivyo. Nyota tumezifanya kuwa kinyume cha kigeugeu. Binadamu hubadilika, bei hubadilika, mvua hubadilika, lakini nyota, twasema, ziko palepale zilipowekwa. Wazee waliishi kwa kuutegemea uthabiti huo. Waswahili wa pwani waliliita kundi moja la nyota Kilimia, kwa kuwa liliwaonyesha majira ya kulima, wakatuachia usemi kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa kwetu Wairaqw walitumia neno moja, Looa, kwa jua na kwa Mungu. Nchi ilikuwa na njaa zake na magonjwa yake, lakini mbinguni hapakuwa na mashaka.

Elimu ya nyota inatufundisha habari nyingine. Nyota nyingi sana hubadilika mwanga. Nyingine huongezeka na kupungua kwa saa chache, nyingine kwa siku, nyingine kwa mwaka mzima au zaidi. Hata jua letu hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja katika elfu, kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Wanaastronomia huziita nyota badilifu, nao wameutumia ubadilifu huo kujifunza mambo ambayo nyota tulivu zisingeweza kuwafundisha. Tunaandika habari hii kwa kuwa tunaamini namna yao ya kuzitazama inatufaa hata sisi tusiokuwa na darubini, hasa baada ya yale yaliyotufika mwaka 2023.

Tuanze na mtu wa kanisa. Mwezi Agosti mwaka 1596, David Fabricius, mchungaji wa Kilutheri katika Friesland ya Mashariki, sehemu ambayo leo iko kaskazini mwa Ujerumani, aliona nyota katika kundi liitwalo Nyangumi ikizidi kung'aa. Ilipofika Oktoba ilikuwa imepotea. Alihesabu kwamba ni nyota mpya iliyozuka na kufa, kama zile ambazo wataalamu wa wakati wake walikuwa wamezisikia. Mwaka 1609 akaiona tena palepale. Fabricius mwenyewe hakuishi kuujua mwisho wa habari ile: inasimuliwa kwamba mwaka 1617 alimkemea mimbarani mwizi wa bata bukini, naye mkulima aliyetuhumiwa akamuua kwa kumpiga koleo. Sisi tunaohubiri tuna la kujifunza hapo pia.

Mwaka 1638 mtaalamu wa Uholanzi, Johannes Holwarda, aliitazama nyota ileile ikififia hadi kutoweka, naye akaendelea kungoja. Ikarudi. Akatambua kwamba hurudi kila baada ya miezi 11 hivi. Mwaka 1662 ikapewa jina Mira, yaani ya ajabu. Leo tunajua kwamba mzunguko wake ni wastani wa siku 332. Inapokuwa na nguvu huonekana kwa macho matupu, na inapokuwa dhaifu haionekani bila darubini. Hapa Mbulu hupita karibu utosini mwetu kabisa. Tofauti kati ya wanaume hawa wawili ni ndogo, nayo ni kubwa. Wa kwanza aliiona nyota ikitoweka akaamini imekufa. Wa pili aliiona ikitoweka akaendelea kuitazama sehemu ile tupu.

Sasa, kwa nini nyota hufifia? Jibu si moja, na hapo ndipo hekima ilipo.

Ipo nyota iitwayo Algol, ambayo kwetu huonekana upande wa kaskazini jioni za mwisho wa mwaka. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 mwanga wake hushuka kwa saa chache, kisha hurudi kama ulivyokuwa. Aliyeupima mpangilio huo ni kijana wa York, Uingereza, jina lake John Goodricke, aliyekuwa kiziwi. Mwaka 1783 aliwaeleza wataalamu kwamba pengine kuna kitu kikubwa kinachoizunguka Algol na kupita mbele yake. Alikuwa amekisia sawasawa. Ni nyota mbili zinazozungukana, na ile hafifu hupita mbele ya ile yenye mwanga mwingi. Wengi mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama jua likibaki pete ya moto, nasi huku Manyara tukaliona limemegwa upande. Jua halikupungukiwa na kitu siku ile. Mwezi ulikuwa umepita mbele yake. Algol ni hivyohivyo: yenyewe haijapungukiwa, ila imezibwa.

Goodricke huyohuyo, mwaka 1784, aliona nyota nyingine, Delta Cephei, ikipanda na kushuka kwa siku 5 na saa 9 hivi. Mwaka uleule jirani na rafiki yake, Edward Pigott, aligundua nyota ya namna hiyo katika kundi la Tai, iitwayo Eta Aquilae, yenye mzunguko wa siku 7 na saa 4. Hizi hazizibwi na kitu. Zenyewe huvimba na kunywea. Mama anayechemsha makande anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Mfuniko ukiwa umebana, mvuke hujikusanya na kuusukuma juu, ukishainuka mvuke hutoka, na ukitoka mfuniko hushuka na kubana tena. Ndani ya nyota hizi kuna tabaka la gesi ya heliamu linalofanya kazi ya mfuniko: huzuia joto lisipite, nyota ikavimba, kisha hulegea na kuliachia joto, nyota ikanywea. Badiliko lao ni kama kupumua, tena ni dalili ya uhai. Goodricke alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 21 tu, siku chache baada ya kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Namna ya tatu tuliishuhudia wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019, ile nyota kubwa nyekundu ya kundi la Orioni, iitwayo Betelgeuse, ilianza kufifia. Kufikia Februari 2020 mwanga wake ulikuwa umeshuka hadi takribani theluthi moja ya ule wa kawaida, kiasi kwamba mtu yeyote aliyeizoea aliweza kuitambua tofauti kwa macho. Vijana wetu walisoma kwenye simu kwamba inakaribia kulipuka, wakatuuliza kama dunia nayo imefika mwisho. Miezi michache baadaye ilirudi hali yake. Uchunguzi uliofanywa kwa darubini kubwa zilizoko Chile ulionyesha kwamba nyota ile ilikuwa imetoa pumzi ya gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na gesi ile ilipopoa ikawa vumbi lililoifunika upande. Kwa kuwa mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 500 kabla ya kutufikia, tulichokiogopa mwaka 2020 kilikuwa kimekwisha kutokea karne nyingi kabla hatujazaliwa.

Tazameni basi. Nyota tatu zimefifia, na kwa macho ya usiku mmoja kufifia kwao ni kumoja. Moja imezibwa na mwenzake. Ya pili inapumua. Ya tatu imejifunika kwa vumbi lililotoka ndani yake yenyewe. Hakuna awezaye kuzitofautisha kwa kuzitazama mara moja, hata awe na darubini ya thamani kiasi gani.

Wanaastronomia hufanyaje kuzitofautisha? Kazi yenyewe ni ya uvumilivu kuliko ujuzi wa maajabu. Kwanza, nyota badilifu haipimwi peke yake. Mtazamaji huchagua majirani zake wawili ambao mwanga wao ni tulivu na unajulikana, mmoja mwenye nguvu kuliko ile anayoichunguza na mwingine dhaifu kuliko hiyo, kisha hukadiria iko wapi kati yao. Kipimo chenyewe huitwa daraja, nacho ni cha ajabu kidogo, kwa kuwa namba ikiwa ndogo nyota huwa na mwanga zaidi. Nyota hafifu kabisa ambazo macho huziona ni za daraja la 6 hivi, na tofauti ya madaraja 5 ni sawa na kuzidiana mara 100. Pili, huandika tarehe, saa na kipimo alichokiona usiku ule, si kile alichotarajia kukiona. Tatu, na hili limetugusa sana, asipoiona nyota huandika pia. Huandika kwamba usiku ule haikuonekana, na kwamba ilikuwa dhaifu kuliko jirani fulani. Kutoonekana nako ni habari, na ukurasa huo hauachwi wazi.

Vipimo vingi vikishapangwa kwa tarehe, hupatikana mchoro unaopanda na kushuka kama njia ya kwenda Nou, na ndani ya mchoro huo siri ya nyota hufunguka. Ile inayozibwa hushuka ghafla na kurudi, ile inayopumua hupanda haraka na kushuka polepole, na ile ya vumbi haina saa maalumu. Siku hizi kamera za kielektroniki na satelaiti hupima nyota kwa mamilioni, lakini watazamaji wa kawaida hawajaachishwa kazi. Mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Marekani, William Tyler Olcott, alianzisha chama cha watazamaji wa nyota badilifu, AAVSO, ambacho mpaka leo hupokea vipimo kutoka kwa walimu, wakulima, wauguzi na wastaafu wa nchi mbalimbali. Nyota hazingoji asubuhi ya mtu mmoja. Kwetu kunapopambazuka, kwa wengine jua linazama, na asiye na usiku humwachia zamu mwenye usiku. Kazi hiyo haiwezi kumalizwa na mtu mmoja, wala na taifa moja.

Kanisa Katoliki nalo lina sehemu yake katika zamu hiyo. Padre Johann Georg Hagen, Mjesuiti kutoka Austria, aliongoza kituo cha nyota cha chuo cha Georgetown, Washington, kuanzia mwaka 1888, kisha akaitwa kuongoza kituo cha nyota cha Vatikano kuanzia mwaka 1906 hadi alipofariki mwaka 1930. Maisha yake ya kitaaluma aliyatoa kwa nyota badilifu, akatengeneza ramani kubwa zinazomwonyesha mtazamaji kila nyota badilifu iko wapi na majirani wake wa kulinganisha ni wapi. Ni padre huyohuyo aliyempokea katika Kanisa, mwaka 1902, muuguzi kutoka Uswidi, Elisabeth Hesselblad, ambaye tangu mwaka 2016 tunamheshimu kama mtakatifu. Hakuona kwamba kuhesabu nyota usiku na kuongoza roho mchana ni kazi mbili zinazogombana.

Na msidhani kwamba habari hii ni ya Ulaya na Marekani tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, Waitaliano wakishirikiana na Wamarekani walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, mionzi ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Kwa heshima ya siku ile, Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Njia yake ilifuata mstari wa ikweta, hivyo mara nyingi kwa siku ilipita si mbali na anga letu la Mbulu, ingawa wazazi wetu waliokuwa mashambani hawakujua.

Uhuru ilikuta anga la vigeugeu. Iliona chanzo kimoja cha eksirei, Centaurus X-3, kikipwita kila baada ya sekunde 4.8 kama moyo, na kikizimika kabisa kila baada ya siku 2 hivi kwa kuwa kilikuwa kinapita nyuma ya nyota kubwa mwenzake. Iliona Hercules X-1 ikipwita kwa sekunde 1.24. Kwa kuyasoma mabadiliko hayo, wataalamu walitambua kwamba ni mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa hadi upana wa kilomita 20 hivi, yakizunguka kwa kasi na kunyonya gesi ya mwenzake. Iliona pia Cygnus X-1 ikimetameta bila mpangilio kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na chanzo hicho kikaja kuwa cha kwanza kukubalika kwa wengi kuwa ni shimo jeusi. Satelaiti ile ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, nasi hatujawaambia watoto wetu.

Tutaje badiliko moja zaidi. Jioni za kuanzia Novemba hadi Januari, mvua ikitupa nafasi, mtazameni kusini upande wa Mlima Hanang. Mtaona mawaa mawili meupe kama moshi uliosahauliwa. Hayo ni Mawingu ya Magellan, na si mawingu, bali ni makundi ya nyota mamilioni kwa mamilioni yaliyo mbali sana nasi. Mama mmoja wa Marekani, Henrietta Swan Leavitt, ambaye naye alikuwa amepungukiwa uwezo wa kusikia, alikaa miaka mingi katika kituo cha Harvard akichunguza picha za mawaa hayo zilizopigwa kwenye vioo huko Peru. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota badilifu 1,777. Mwaka 1912, kwa kutumia nyota 25 tu za namna inayopumua, alionyesha kwamba kadiri nyota inavyopumua polepole ndivyo mwanga wake halisi unavyokuwa mkubwa. Ni kama kumjua ng'ombe mkubwa kwa sauti ya kengele yake kabla hujamwona. Ukiujua mwanga halisi wa nyota, na ukaona jinsi ulivyo hafifu kwako, waweza kukokotoa iko umbali gani. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble, mwaka 1923, alianza kupima umbali wa waa la Andromeda, tukajua kwamba ulimwengu hauishii katika kundi letu hili la nyota. Leavitt alifariki mwaka 1921. Mwaka 1925 mtaalamu wa Uswidi aliyetaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobeli alimwandikia barua, asijue kwamba mwenyewe ameshalala.

Tafakarini hilo. Kama nyota zote zingekuwa tulivu kama tulivyozidhania, tusingeujua upana wa ulimwengu. Kile tulichokiona kuwa ila ndicho kilichokuwa kipimo.

Tumetaja Hanang, na hatuwezi kuutaja mlima ule tukapita haraka. Tangu utoto tumeuona umesimama, mita zaidi ya 3,400, na tulipotaka kumsifu mtu thabiti tulimfananisha nao. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Miamba yake laini ilikuwa imenyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Injili ya siku ile ilihusu kukesha, na mapadre wengi mkoani mwetu waliisoma wakiwa hawajajua bado ni nani kati ya watu wao aliyeamka salama.

Siku zilizofuata tulisikia maneno mengi. Wapo waliosema ni adhabu. Wapo waliosema mlima umekufa, na wapo waliotaka kujua ni dhambi ya nani. Tuliwaambia, na tunarudia leo, kwamba mwenye kuona usiku mmoja hana haki ya kutoa hukumu. Mlima, kama nyota, ulikuwa unabadilika muda wote tulipouita thabiti. Sababu ya kumeguka kwake ilikuwa ndani ya mwamba na ndani ya mvua, nayo ilihitaji kuchunguzwa kwa utaratibu, si kutafutiwa mkosaji miongoni mwa marehemu.

Lakini si mlima tu uliobadilika. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mama mmoja aliyepoteza watu wake katika tope lile alikuja kuishi na dada yake ndani ya parokia yetu. Huko alikotoka alikuwa mwimbaji. Kwetu alikaa benchi la nyuma, hakuimba, na Dominika nyingine hakufika kabisa. Haikupita miezi mingi minong'ono ikaanza kwamba amepoa, kwamba imani yake imezimika. Bibi mmoja wa jumuiya yake alijipangia kumtembelea kila Alhamisi, bila maneno mengi, na mara nyingi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tulimwuliza siku moja kama ni kweli mwenzetu ameiacha imani.

"Baba, hilo mimi silijui," alijibu. "Ninachokijua ni kwamba Alhamisi hii nimemkuta ndani, hakutoka. Ile iliyopita alikuwa shambani anapalilia, akanicheka kwa jinsi ninavyotembea. Ile ya kabla yake hakunifungulia, nikaacha maziwa mlangoni."

Bibi yule hajawahi kusikia habari za Holwarda wala za Hagen. Lakini alikuwa anafanya kazi yao: alitazama, alikumbuka siku, hakuongeza alichokitarajia, na hata mlango usiofunguliwa aliuhesabu. Kwa Alhamisi zake nyingi, sisi wengine tulianza kuona mchoro. Wakati wa kupanda mama yule alikuwa na nguvu. Wakati wa mavuno aliimba mara mbili tatu. Novemba mvua ilipoanza kupiga mabati usiku alishuka, na Desemba hakuonekana kabisa. Mwaka 2025 ilikuwa vivyo hivyo, ila kushuka kwake hakukuwa kwa kina kile cha kwanza. Sasa jumuiya yake inajua. Novemba ikifika hawaulizi tena kama imani yake imekufa. Hupangana zamu ili usiku wa mvua asilale peke yake.

Wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu wa namna hiyo. Ni kijana aliyekuwa mtumishi wa altare na sasa hatumwoni. Ni mume aliyekuwa mchangamfu na sasa amenyamaza. Ni jirani aliyekuwa mkarimu na sasa amefunga mkono. Kabla ya kumwita kigeugeu, tujiulize kama tumemtazama zaidi ya usiku mmoja. Huenda kuna kitu kimepita mbele yake, wala si yeye aliyepungua. Huenda anapumua tu kwa namna tusiyoizoea. Huenda ni vumbi la jambo lililomtoka moyoni, na tulionalo leo lilitokea zamani. Hatutajua kwa kukisia. Tutajua kwa kurudi, na kwa kurudi tena.

Kwa vijana wetu tunaongeza neno la vitendo. Jioni za Agosti na Septemba, tafuteni juu kabisa, kidogo kaskazini mwa utosi, nyota angavu iitwayo Altair, katika lile kundi la Tai. Upande wake wa kusini ndipo ilipo Eta Aquilae ya Pigott. Chagueni nyota tulivu mbili za jirani, moja yenye mwanga zaidi na moja hafifu zaidi. Chukueni daftari la mazoezi na penseli, muandike tarehe, saa na mlichokiona, kila usiku kwa majuma manne, hata usiku wa mawingu mwandike "mawingu". Hamhitaji darubini wala vocha. Mkimaliza mtaiona ikipanda na kushuka kila baada ya siku saba na saa chache, kama ilivyofanya tangu kabla ya Mbulu kuitwa Mbulu, nasi tutafurahi kuyaona madaftari yenu baada ya Misa.

Tunawatakia Dominika njema, na usiku mwema wa kukesha.